Kanzu ya Samweli

Mwenye Biblia karibu na afungue 1 Samweli, sura ya 2, mstari wa 19. Hapo twasoma kwamba Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka, akampelekea huko Shilo. Sisi akina baba huupita mstari huu mbio. Lakini ninyi akina mama mwajua: yeye ashonaye kanzu ya mtoto aliye mbali hana budi kujua mtoto ameongezeka kiasi gani.

Asubuhi hii nataka kuwaeleza habari za daktari wa watoto aliyeuheshimu ujuzi huo wa mama. Ni David Morley, Mwingereza. Mwaka 1956 alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Wamethodisti ya Wesley Guild, mjini Ilesha, nchini Nigeria. Watoto waliletwa wakiwa hoi. Wengine walikuwa na surua, ambayo huko iliua wengi, na wengine walikuwa wamevimba miguu kwa utapiamlo. Morley aliona kwamba kungoja hospitalini ni kuchelewa. Akaenda kijijini Imesi-Ile, akawafuata watoto tangu kuzaliwa, akiwapima uzito mara kwa mara.

Akaona jambo hili: kabla mtoto hajavimba, uzito wake huacha kupanda. Hana homa, halii, yuko tu. Jirani hawezi kuona, wala baba, maana mtoto hakupungua. Ameacha tu kuongezeka. Mizani ndiyo husema.

Basi akatengeneza kadi yenye mistari inayopanda kama njia ya mlimani. Kila mtoto apimwapo hutiwa nukta, na nukta huunganishwa. Njia ikipanda, vema. Ikilala, kuna hatari. Hata mama ambaye hakwenda shule aweza kuona njia imeacha kupanda. Kazi ya kupima walifundishwa wanawake wa huko huko.

Na kadi aliiweka wapi? Hakuifungia kabatini mwa hospitali. Alimpa mama aende nayo nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki. Wako waliodhani akina mama wa vijijini wataipoteza. Waliitunza. Morley alifariki mwaka 2009, na hapa Kenya chati ya namna hiyo imo katika kijitabu cha kliniki ambacho mama hukaa nacho.

Lakini mizani haimlishi mtoto, ndugu zangu, na kadi isiyosomwa ni karatasi tu. Naona haya kuwaambia haya yafuatayo. Miaka mingi iliyopita, mama mmoja alileta mtoto kanisani, na nyuma yake mgongoni alikuwa na mwingine mchanga. Yule mkubwa aliketi kimya ibada nzima. Nikasema mbele ya washirika wote, "Tazameni mtoto mpole!" Tukamshukuru Mungu.

Tulipotoka, mama mzee wa chama cha akina mama akanivuta kando. "Mchungaji," akasema, "mtoto wa umri huo hanyamazi hivyo. Hebu tuone kadi."

Kadi ikatolewa kwenye kikapu, safi, haina hata doa. Nukta nne za mwisho zilikuwa zimelala sawasawa. Miezi minne! Nikamwuliza yule mama kama aliambiwa neno kliniki. Akasema, "Waliandika, wakanirudishia. Nami niliona haipandi, lakini niliogopa kuuliza."

Siku ile ile mzee wetu mmoja aliyekuwa na gari aliwapeleka hospitali. Akina mama wakapeana zamu kupeleka maharagwe, maziwa na unga wa uji wenye njugu nyumbani kwao, majuma mengi.

Jumapili moja nilikuwa katikati ya mahubiri, mtoto akaanza kupiga kelele na kukimbia kati ya viti. Mzee wa kanisa akainuka ili amtoe nje. Nilipomtambua ni nani, nikamwomba mzee aketi.