Mashini Mpya Huanzia Wapi?



Tajiri hanunui mashini kwa kupenda tu. Kwanza huwa na shida katika kazi yake. Tutazame kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyokuwa na mikahawa mingi ya chai. Faida ya kikombe kimoja ilikuwa ndogo, na hesabu zake zilihitaji makarani wengi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mwaka 1947 wakubwa wake walitoa pauni 3,000 kukisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge kilichokuwa kikitengeneza kompyuta, kisha wakajenga yao, LEO. Mwaka 1951 ikaanza kupiga hesabu za mikate na keki. Mwaka 1954 ikapewa mishahara: hesabu ya mtu mmoja, iliyomchukua karani hodari dakika 8, ikaimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Basi sisi wafanya kazi tukisikia mashini inakuja, tusiikatae upesi wala tusiishangilie upesi. Tumwulize tajiri: ni shida gani unayotaka kuiondoa? Na yule karani wa dakika 8 atapewa kazi gani? Tuulize mapema, mpango ungali katika karatasi, kabla fedha hazijatolewa.