Moshi wa Kiwanda Chetu: Nani Anaandika Ripoti, Nani Anaisoma?

Kwenye uzi huu tumeshaongea kuhusu ugatuzi, ushuru na bajeti ya kaunti. Leo ni mazingira. Haya ni maneno niliyowaambia vijana na wazee wachache kwenye ukumbi mmoja huku Konoin, na nimeyaweka karibu vile yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza salamu tu. Masharti ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Chamgei.

Kila msimu wa siasa, mtu hupanda juu ya gari hapa Kericho au Bomet na kusema moja kati ya mambo mawili. La kwanza: "Hawa watu wa mazingira wanafukuza kazi, masharti yao yanakula bonasi ya mkulima." La pili: "Hizi kampuni zinatuharibia mito na hewa, lazima ziondoke." Mnachekesha kwa sababu mnapigia makofi yote mawili, wakati mwingine siku moja, wakati mwingine mdomo ule ule ndio umeyasema yote mawili. Mimi nasomea siasa, si uhandisi, kwa hivyo kinachonivutia ni hiki: hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kuinua karatasi juu akasema, hii hapa ripoti ya kiwanda, ukurasa fulani umeandikwa hivi. Na karatasi ipo. Kisheria lazima iwepo.

Tuanze hapo. Kuna sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999, ile iliyoanzisha NEMA, ikarekebishwa 2015. Inasema mradi mkubwa hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni. Ukishaanza kazi, kila mwaka unafanyiwa ukaguzi wa mazingira, na ripoti inapelekwa NEMA. Maji machafu ya kiwanda yanaenda wapi, moshi wa boila ukoje, majivu yanatupwa wapi, wafanyakazi wamekingwa vipi na kelele na vumbi la chai. Haijalishi kiwanda ni cha kampuni ya kigeni au ni chetu cha KTDA pale Mogogosiek, Kapkoros, Litein au Tegat. Sheria ni moja.

Sasa, nani anaandika hiyo ripoti? Hapa ndipo watu hushtuka. Anaandika mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, sawa, lakini aliyemtafuta na kumlipa ni mwenye kiwanda. Ni kama mwanafunzi apewe nafasi ya kujichagulia msimamizi wa mtihani halafu amlipe mshahara. Sisemi wataalamu wote wanauza sahihi, nawajua wengine wakali kweli. Nasema mfumo umejengwa hivyo, na kinachozuia udanganyifu ni mambo mawili tu: NEMA kuja kujionea yenyewe, na wananchi kuisoma ripoti. La kwanza linategemea idadi ya maafisa na mafuta ya gari. La pili linategemea nyinyi.

Na wananchi hawasomi. Si kwa sababu ni wajinga. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na watu wengi hawajui hata kama wana haki ya kuiomba.

Lakini kabla ya haki hiyo nataka tukae kidogo kwa ripoti ya aina ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inakuja na itagusa bei ya majani yenu kuliko mnavyodhani. Hii ya kwanza ni ya kutii sheria: je, umechafua mto, ndio au hapana. Ya pili ni ripoti ya tabianchi: umetoa hewa ya kaboni kiasi gani, na utaipunguza vipi. Hiyo haisukumwi sana na NEMA. Inasukumwa na mnunuzi. Kampuni kubwa za Ulaya zinazouza chai zimeahidi mbele ya dunia kupunguza kaboni, na sehemu kubwa ya kaboni yao haiko ofisini London, iko shambani na kiwandani kwa mtu mwingine. Yaani huku. Kwa hivyo zinaanza kuuliza takwimu. Na hapa nyumbani, chama cha wahasibu, ICPAK, kimetoa ratiba ya kampuni zenye maslahi ya umma kuanza kuripoti kwa viwango vya kimataifa vya tabianchi kuanzia Januari 2027. Viwango vyenyewe vilitolewa Juni 2023, kwa hivyo si kitu cha kesho kutwa, tayari kiko mlangoni.

Sasa sikilizeni jambo moja, hili ndilo lililonifanya nikubali kuja kuongea.

Kiwanda cha chai kinahitaji vitu viwili: stima na joto. Stima inazungusha mashine. Joto linanyausha na kukausha majani, na joto ndilo linalokula nishati nyingi zaidi. Changoi waliweka paneli za jua za megawati 1 mwaka 2014, jambo zuri, napongeza. Lakini jua lile linatoa stima. Joto katika viwanda vyetu vingi linatoka kwenye boila, na boila inakula kuni. Mmeona malori ya mikaratusi yakipanga foleni getini, hamhitaji mimi niwaambie.

Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu kaboni, moshi wa kuni hauingizwi kwenye hesabu kuu pamoja na moshi wa dizeli au makaa ya mawe. Unaandikwa pembeni, kwa mstari wake. Hoja yao ni kwamba mti ulinyonya hiyo hewa ukikua, na ukipanda mwingine utainyonya tena. Hoja si mbaya. Lakini angalieni matokeo yake: kiwanda kinachochoma kuni usiku kucha kinaweza kuonekana kisafi kabisa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Swali lote linahamia mahali ambapo ripoti haipendi kwenda: zile kuni zimetoka wapi? Kama zimetoka shamba la kiwanda ambalo hupandwa tena kila likikatwa, sawa, hesabu inasimama. Kama zimeuzwa na mtu aliyekata miti ya asili upande wa Mau, hesabu imeanguka, na hakuna paneli ya jua itakayoifuta. Na kama mikaratusi imepandwa kwenye chemchemi, kaboni inaweza kuwa sawa na maji yakaisha. Mto Kipsonoi na mto Itare hauandikwi kwenye mstari wa kaboni.

Kitu cha pili ni mbolea. Kila mwaka tunagawiwa ile NPK ya 26:5:5. Hiyo 26 ni nitrojeni. Sehemu yake mmea hauichukui. Vijidudu vya udongo vinaigeuza kuwa gesi inaitwa naitrasi oksidi, ambayo kilo moja yake inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Haina harufu, haina moshi, hakuna mwanasiasa atakayeinyooshea kidole. Lakini ukipima kaboni ya chai kwa haki, mbolea ni lazima uione. Maana yake nini kisiasa? Maana yake mchafuzi si yule mzungu wa hadithi tu. Mzee aliyekaa pale nyuma na ekari yake moja yuko ndani ya ripoti. Naona mzee unacheka, lakini ni kweli.

Hapo ndipo naona wanasiasa wa pande zote mbili wanatukosea heshima. Wanaongea kana kwamba kuna kampuni upande huu na wananchi upande ule. Viwanda vya KTDA ni kampuni, na wenye hisa ni wakulima. Kuna wakulima zaidi ya 600,000 nchini wanaopeleka majani huko. Gharama ya mtaalamu wa ukaguzi, ya kurekebisha boila, ya kuchimba mabwawa ya maji machafu, inatoka kwenye hesabu moja na bonasi. Kwa hivyo yule anayesema masharti yanakula bonasi hajadanganya kabisa. Amesema nusu. Nusu nyingine ni kwamba maji machafu yakishuka mtoni, wanaokunywa ni watoto wa wenye hisa hao hao, na mnunuzi akikosa takwimu anaenda kununua kwingine, na bonasi inaliwa kwa njia nyingine. (Kwa nini bonasi ya huku iko chini ya ile ya mashariki mwa Bonde la Ufa, hiyo ni mada ya siku nyingine, msinivute huko.)

Kwa mashamba makubwa hesabu ni tofauti. Pale mwananchi si mwenye hisa kwa kawaida, ni jirani au ni kibarua. Na ripoti ya tabianchi ina tabia ya kumsahau kibarua. Mei 2023 mashine za kuchuma majani zilichomwa Kericho kwa sababu watu waliona kazi inaenda. Unaweza kusoma ripoti nzima ya kaboni usipate mstari kuhusu hilo, kwa sababu kaboni haiulizi nani amepoteza mshahara. Kwa hivyo mtu akiwaonyesha ripoti safi ya tabianchi, msiseme basi kila kitu ni safi. Imepima kile ilichotumwa kupima.

Kuna mtu aliniuliza mlangoni: hizi pesa za kaboni tunazosikia je? Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 ilirekebishwa 2023. Mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii inapata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Miradi isiyo ya ardhi ni 25. Mtu akija na kalamu akiwaambia mtie sahihi mradi wa miti, hizo namba mbili muwe nazo kichwani. Na muulize: mapato kabla ya gharama, au baada? Hapo ndipo asilimia 40 inaweza kuwa mlima au kichuguu.

Linganisheni na madini kidogo, kwa sababu wenzetu huko wamegongana na haya mapema. Sheria ya madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Pia inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya mazingira, pesa inayokaa pembeni ili akiondoka ardhi irudishwe. Kwale, uchimbaji wa titani uliisha Desemba 2024, na sasa mjadala wote wa watu wa kule ni ardhi itakuwaje. Huku kwetu hatuna titani, lakini tuna machimbo ya mawe na ya maramu. Kila barabara mnayoahidiwa imetoka kwenye shimo la mtu. Mkandarasi akimaliza, shimo linabaki, masika linajaa maji. Sasa ulizeni: lile shimo lilikuwa na leseni? Nani alipaswa kulifunika? Huyo anayezindua barabara anapaswa kujibu hilo siku hiyo hiyo ya utepe.

Na msidhani kushinda ni ndoto. Owino Uhuru, Mombasa, kijiji kilitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaivuruga 2023, halafu Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. NEMA yenyewe ilibebeshwa lawama, kwa sababu mlinzi alilala. Lakini angalieni miaka. Watoto wa kesi ile wamekuwa watu wazima. Ndiyo maana mimi napenda karatasi mapema kuliko kesi baadaye.

Basi haki yenyewe. Katiba, kifungu cha 42, inakupa mazingira safi. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Kifungu cha 35 kinakupa habari, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Sheria ya mazingira yenyewe inakuruhusu kuona kumbukumbu zilizopelekwa NEMA, kwa kulipa ada iliyowekwa. Ukinyimwa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua haihitaji wakili. Andika jina la kiwanda, mwaka wa ukaguzi, na uombe nakala ya ripoti na ya mpango wa kurekebisha makosa. Huo mpango ndio wa maana kuliko ripoti, kwa sababu una tarehe. Imeandikwa bomba litatengenezwa kufikia Machi? Nenda Aprili ukaangalie bomba. Wale mlio na hisa, msingoje hata NEMA: ulizeni kwenye mkutano wa mwaka wa kiwanda. Pale mkurugenzi anaomba kura yenu, kwa hivyo siku hiyo masikio yake ni makubwa. Ulizeni kuni za mwaka huu zimenunuliwa kwa nani, na asilimia ngapi zimetoka kwenye mashamba ya kiwanda.

Nimechapisha mfano wa barua, nakala ziko pale mezani karibu na chai. Atakayeandika wa kwanza na aniambie amejibiwa siku ya ngapi, nitaweka hapa kwenye uzi. Mzee wa nyuma, uliinua mkono zamani. Karibu.