Nani Aliuliza Swali? Ushauri wa Kitaalamu na Maji ya Mto Tana
Mhadhara wa umma



Tarehe 4 Februari 2013 Mahakama Kuu, Nairobi, ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2010 na wakazi wa Delta ya Tana. Iliiagiza serikali na mashirika yake kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, wa muda mfupi, wa kati na mrefu, na kuwashirikisha wakazi katika kuuandaa.

Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, TARDA, ilikuwa na mizizi yake mwaka 1974. Kwa karibu miaka 40, basi, wahandisi, wapima udongo na wachumi walikuwa wamepita Garsen, Hola na Bura, kandokando ya mto, wakipima na kuandika. Hata hivyo ilibidi jaji aamuru liulizwe swali ambalo lilistahili kutangulia mengine yote: maji haya na ardhi hii vitawatoshaje mkulima, mfugaji, mvuvi, ndege wa mabwawani na mji wa mbali, wote kwa pamoja?

Hoja yangu leo ni hii. Mto Tana haukuwahi kukosa wataalamu. Kilichokosekana ni swali lililoulizwa mapema, mbele ya watu, kabla uamuzi haujapitishwa.

Serikali hushauriwa kwa njia zipi

Kenya haikuchelewa kutunga sheria ya ushauri wa sayansi. Sheria ya Sayansi na Teknolojia ya 1977 iliunda Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia ili liishauri serikali. Sheria ya 2013 ikaweka mahali pake Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Kando yake zipo taasisi za utafiti, Idara ya Hali ya Hewa, vyuo vikuu, na akademia mbili zenye makao Nairobi: Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Kenya, na Akademia ya Sayansi ya Afrika iliyoasisiwa mwaka 1985 chini ya uongozi wa Profesa Thomas Odhiambo.

Lakini uamuzi mkubwa kuhusu mto huu mara nyingi umepitia mlango mwingine, nao ni wa mshauri wa mradi. Wizara au mwekezaji huwa na mradi mkononi. Hutafutwa kampuni ya kufanya upembuzi yakinifu, kisha nyingine ya kutathmini athari kwa mazingira. Kwa sheria yetu ya mazingira ya 1999, mtaalamu wa tathmini hiyo huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini swali amekabidhiwa likiwa tayari limefungwa. Ataulizwa mradi ujengwe vipi. Kama ujengwe au usijengwe, hilo halimo katika mkataba wake.

Swali lililofika na jibu lake

Tazameni Bura. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliunga mkono mpango wa kumwagilia hekta 6,700 za pamba na kuhamishia huko maelfu ya familia. Gharama zilipanda hadi Bura ikawa miongoni mwa miradi ghali zaidi duniani kwa kila hekta. Eneo lililolimwa halikufika nusu ya lililopangwa. Pampu za dizeli pale Nanigi zilipokwama, mashamba yalikauka na familia zilizoletwa kutoka pembe nyingi za nchi zikabaki bila maji wala pamba. Ripoti za kitaalamu zilikuwapo, na zilijua kwamba sehemu kubwa ya udongo wa Bura ni duni na una chumvi. Maarifa hayo yalitumika kurekebisha mchoro. Hayakuruhusiwa kuusimamisha.

Tazameni mpunga wa TARDA hapa kusini mwa Garsen. Kwa fedha za Japani yalijengwa matuta na mifereji ya kuyatenga mashamba na mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaja, na mto ukayabomoa. Mkulima wa Kipokomo hupanda mpunga wake kwa kufuata maji yanapopanda na kushuka. Kule Ozi na Kau wakulima huyategemea maji ya bahari yajaayo, yanayousukuma mto ufurike mashambani. Mfugaji wa Orma naye huyategemea malisho yanayochipuka maji yakipungua, na malka za kuteremshia ng'ombe mtoni. Kwa wakazi hawa mafuriko ni rasilimali yenye hatari ndani yake. Mhandisi aliambiwa ni adui, akajenga ukuta.

Kisha ikaja miwa. TARDA na Kampuni ya Sukari ya Mumias walitaka hekta 20,000 za delta, na mwaka 2008 mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Safari hii jambo jipya lilitokea. Shirika la Nature Kenya liliwaita wachumi wake, nao wakayapitia mahesabu ya mradi. Waligundua kwamba faida imekuzwa, na kwamba malisho, samaki, bei ya maji na uchafuzi wa kiwanda havikutiwa hesabuni. Profesa Wangari Maathai alipaza sauti, wakazi wakaenda mahakamani, na mashamba yale ya miwa hayajapandwa mpaka leo. Ushauri wa pili, usiolipwa na mwenye mradi, ulionyesha kilichoachwa nje na ule wa kwanza.

Funzo kutoka delta nyingine

Wako watakaosema kwamba umma ukipewa nafasi, sayansi itazama. Uholanzi inatujibu. Baada ya mafuriko ya 1953 kuua zaidi ya watu 1,800, serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo ikashauri milango ya bahari katika mkoa wa Zeeland izibwe kwa mabwawa. Ilipofika zamu ya mlango wa Oosterschelde, wavuvi wa chaza na kome na watetezi wa mazingira walipinga: maji ya chumvi yakifungiwa nje, riziki yao na viumbe wa mle watakufa. Katikati ya miaka ya 1970 swali lilifunguliwa upya. Wahandisi walitakiwa wailinde nchi huku wakiyaacha maji ya bahari yaingie na kutoka. Wakabuni kizuizi chenye malango yanayoshushwa wakati wa dhoruba pekee, kikazinduliwa mwaka 1986. Kazi iliyotokana na upinzani wa wavuvi ndiyo inayosifiwa leo kama kilele cha uhandisi wa nchi ile.

Mpango wa delta na mipaka yake

Sisi pia tumewahi kufanya vizuri, ingawa kwa gharama ya machozi. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta hii yaliua zaidi ya watu 100. Katika mwaka huo huo wa 2012 delta iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600, kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kazi ya kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na tathmini ya kimkakati ya mazingira iliwaketisha wanasayansi, maafisa na wawakilishi wa vijiji mahali pamoja. Wakazi waliwekewa njia mbadala za maendeleo wazipime, na swali la kwanza likawa maji: mto utaleta kiasi gani, na kila njia itakunywa kiasi gani? Mpango ulikamilika mwaka 2015.

Hata hivyo mpango wa delta hauyaamrishi maji ya juu. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988 mabwawa matano yalijengwa mtoni. Mwanajiografia Francine Hughes alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba misitu ya kandokando ya Tana huhitaji mafuriko ili miche mipya iote. Leo handaki la Murang'a limejengwa ili kuipelekea Nairobi maji ya Maragua, Irati na Gikigie, vijito vya mto huu huu. Mji una haki ya kunywa. Lakini mtu wa Kipini, ambako mto huingia baharini, ana haki ya kusikilizwa siku ile maji ya Murang'a yanapogawiwa.

Ushauri ukisikika nusu

Jambo la karibu zaidi ni utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, walionya juu ya El Niño. Mwezi Oktoba Rais alitangaza kwamba, kwa taarifa mpya za wataalamu, El Niño yenye maangamizi haitakuwapo. Idara iliendelea kueleza kwamba mvua zitapita wastani. Mwezi Novemba maji yalijaa, familia zikahama, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa. Utabiri ni lugha ya uwezekano. Ukifinyangwa uwe ndiyo au siyo jukwaani, mfugaji hajui ahamishe mifugo lini. Dawa tunayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwanza kwa jirani zetu wa Garissa, maafisa wa hali ya hewa wamekuwa wakikaa na wafugaji, wakulima na watabiri wa jadi kabla ya msimu na kuandaa ushauri kwa pamoja. Kikao hicho kinastahili kuwekwa katika bajeti ya kaunti kila msimu, kisingoje mfadhili.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mtaalamu wa tathmini ya athari asilipwe moja kwa moja na mwenye mradi. Ada iwekwe katika mfuko wa umma, na chombo huru kimteue. Pili, kila ushauri uliotumika kuamua uchapishwe wote, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na matangazo ya redio kwa lugha za wenyeji, lakini mkutano hauna maana ikiwa ripoti yenyewe haisomeki na anayeulizwa. Tatu, wazee wa Gasa ya Wapokomo na wa Matadeda ya Waorma waitwe mwanzoni, swali linapotungwa, na maelezo yao yaandikwe kama ushahidi unaoweza kupimwa na kupingwa kama wa profesa. Nne, ukiukataa ushauri, wewe waziri au gavana, andika sababu zako na uziweke wazi. Kiongozi ana mamlaka ya kuamua tofauti na mtaalamu. Hana mamlaka ya kuamua gizani.

Nawageukia wanafunzi. Wengi wenu mtaajiriwa kuandika ripoti hizo. Siku mtakapokabidhiwa hadidu za rejea, zisomeni kabla ya kutia sahihi, na mkiona swali kuu limeachwa, lidaini kwa maandishi. Bwawa la Grand Falls limo katika mipango, na mradi wa kilimo wa Galana Kulalu, uliozinduliwa mwaka 2014 kwa ndoto ya ekari milioni moja, unayatazama maji haya haya. Swali la miradi hiyo bado linaweza kuulizwa vizuri, na wa kulidai liulizwe hapa Garsen ni sisi.