Tumaini Letu Katika Siku za Taabu

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu wa Wazo na mitaa ya jirani



Twamshukuru Mungu kwa miaka 60 na zaidi ya Dayosisi yetu ya Dar es Salaam, iliyotengwa na Dayosisi ya Zanzibar mwaka 1965. Siku za yubile ni siku za furaha, wala hatuji kuipunguza furaha hiyo. Lakini twajua ya kuwa wako miongoni mwetu walioingia kanisani leo hali wamebeba swali moyoni. Swali hilo si geni, wala si dhambi kuliuliza. Nalo ni hili: Ikiwa Mungu ni mwema, mbona siku zetu ni nzito hivi?

Twapenda kulijibu kadiri tuwezavyo, maana yubile yenyewe ilianzia hapo. Someni Walawi sura ya 25. Mwaka wa yubile haukuwa mwaka wa ngoma na mavazi mapya tu. Ulikuwa mwaka wa mtumwa kurudi kwao huru, na wa maskini kurudishiwa shamba aliloliuza kwa shida. Basi yubile isiyomkumbuka mwenye taabu ni karamu tu, wala si yubile.

Kwanza, tuitazame taabu yenyewe, tusiifunike kwa maneno matamu. Mkoa wetu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao wamesukumwa pembeni na bei ya viwanja na kodi ya nyumba. Ndiyo sababu wako Wazo, Salasala na Madale; ndiyo sababu wengine wako Mbagala na Chamazi upande wa Temeke. Mtu huamka kabla ya adhana ya alfajiri ili apate daladala, hurudi usiku, na watoto wake huwaona wamelala. Maji yakikatika, ndoo moja huwa na bei. Kijana amesomea ualimu, cheti chake kimo sandukuni, naye yuko kijiweni juu ya bodaboda ya mtu mwingine. Mama mwenye genge amekopa fedha ili amtibu mtoto, kwa riba kubwa mno, na mkopo huo watu wenyewe wameupa jina: kausha damu. Jina hilo halikutungwa na mwenye kucheza. Limetungwa na mwenye kuumia.

Pili, tuseme tumaini si kitu gani, maana siku hizi linauzwa bandia. Kijana huambiwa ya kuwa akibashiri mpira kwa shilingi 500 atajenga nyumba. Hilo si tumaini, bali ni tamaa iliyovishwa nguo ya tumaini. Wengine huambiwa ya kuwa wakinunua mafuta au maji ya mhubiri fulani, deni litafutika na ugonjwa utakimbia kabla ya Jumapili ijayo. Jumapili hufika, na deni lipo, na yule maskini huambiwa ya kuwa imani yake ni haba. Hivyo aliyekuwa na mzigo mmoja sasa ana miwili. Tena wako wasemao, "Mungu anajua," kisha wakakunja mikono. Ni kweli Mungu anajua. Lakini maneno hayo yakiwa kifuniko cha uvivu wetu, au cha kutotaka kumsaidia jirani, tumelitaja jina la Bwana bure.

Tumaini la Mkristo halisemi, "Taabu itakwisha kesho." Lasema, "Mungu ni mwema leo, na wema wake wafanya kazi hata mahali ambapo macho yangu hayajauona." Mtunga Zaburi ya 27 alikuwa amezungukwa na adui na mashahidi wa uongo, hata hivyo aliamini ya kuwa atauona wema wa Bwana angali hai, katika nchi hii hii ya watu walio hai. Kisha akajiamuru nafsi yake kungoja na kupiga moyo konde. Hakuambiwa siku wala saa.

Tatu, tuwaangalie waliotutangulia katika Misheni yetu. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani alimpa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Fikirini watoto hao: hawakujua mama zao wako wapi, wala lugha ya wale wageni hawakuielewa. Nani angewaambia siku ile ya kuwa Mungu ni mwema, wakamsadiki? Hata hivyo mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Askofu Steere akajenga Kanisa Kuu la Kristo. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa hata Masasi, wakaanza kulima na kujenga. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Masasi ilishambuliwa na kuchomwa moto, na watu wakachukuliwa mateka. Waliokwisha kuonja uhuru wakauonja utumwa tena. Walakini kazi haikufa. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawekewa mikono kuwa padre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Hatusemi ya kuwa utumwa ulikuwa mwema kwa sababu Majaliwa alipata kuwa padre. Uovu ni uovu, na maelfu walipita soko lile wasikombolewe na mtu. Tena soko lilipofungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe haukufa: Unguja amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, na Tanganyika sheria ilikuja mwaka 1922. Ni karibu miaka 50 tangu soko kufungwa hata sheria ile ya bara. Wangapi walizaliwa, wakaomba, wakafa katikati ya miaka hiyo! Lakini maombi yao hayakuanguka chini. Tangu wavulana wale wa mwaka 1864 hata mwaka 1965, John Sepeku alipokuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi hii, ni miaka 101. Na mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Wema wa Bwana haukulala katika miaka ile. Ulikuwa ukienda kwa mwendo wake, nao ulipita katika mikono ya watu.

Nne, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana twakaa chini ya kilima. Kilima cha Wazo ni mawe ya chokaa, yaliyofanywa na matumbawe ya bahari katika zamani zisizohesabika. Tangu mwaka 1966 mawe hayo husagwa, hutiwa katika tanuru, hutoka kuwa saruji, na nyumba nyingi za mji huu zimesimama kwa saruji hiyo. Mafundi walio hapa wanajua mambo yake kuliko sisi. Fundi akimwaga zege, kesho yake laonekana kuwa gumu, na mtu asiyejua husema, "Ondoa mbao, kazi imekwisha." Fundi hukataa. Huacha mbao na mirunda mahali pake, naye hulimwagilia zege maji siku baada ya siku, maana zege likikauka upesi hupasuka. Nguvu yake yaongezeka ndani, mahali pasipoonekana, na mafundi hungoja hata siku 28 ndipo walipime. Anayeharakisha kuondoa mirunda huangukiwa na dari.

Ndugu zetu, Mtakatifu Paulo, katika Warumi sura ya 5, asema taabu huzaa saburi, na saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huzaa tumaini, na tumaini hilo halimtii mtu haya. Hiyo ni kazi ya ndani, nayo huhitaji siku zake. Lakini angalieni jambo hili: zege halijimwagilii maji lenyewe, wala halijishikilii. Kuna mkono unaomwagilia, na kuna mirunda inayobeba uzito mpaka siku ya nguvu ifike. Basi mtu aliye katika taabu, tusimwambie, "Vumilia," kisha tukaenda zetu. Kumwambia hivyo bila kumshika ni kuondoa mirunda siku ya pili.

Mwaka 2011, mwezi wa Desemba, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, na watu zaidi ya 40 walifariki. Mwanzoni mwa mwaka 2012 jamaa nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, si mbali na hapa, zikakaa kwanza katika mahema. Palikuwa pori, na kazi zao zilikuwa mbali mjini, hata wengine wakarudi walikotoka. Waliobaki wakafyeka, wakachimba misingi, wakajenga. Mwenye kuwapa maji, mwenye kuwauzia kwa imani, mwenye kumpokea mtoto wao darasani, hao walikuwa mirunda yao. Huenda hawakujua ya kuwa wema wa Mungu ulikuwa unapita mikononi mwao.

Tano, basi tufanye nini? Kwa maana maneno ya yubile yasiyofika nyumbani ni upepo.

Wenye nyumba za kupangisha, nanyi ni wengi katika kanisa hili: yule mjane au kijana anayeanza kazi, msimdai kodi ya miezi sita kwa mara moja. Pokeeni ya mwezi kwa mwezi. Hiyo ndiyo yubile yenu.

Wenye vikundi vya kuweka na kukopa, vikoba na vyama vya akina mama: tengeni fungu la dharura kwa ajili ya ugonjwa, ili mwanachama asikimbilie kausha damu usiku wa manane. Wengi wamenaswa si kwa ujinga, bali kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine ulio wazi.

Walimu, nanyi ni urithi wa chuo cha Kiungani, ambacho baadaye kilihamia Minaki. Mtoto aliyekuja shule bila chai huwa mzito wa kusoma, msimwite mjinga. Kijana mwenye cheti asiye na ajira, mpeni mahali katika shule ya Jumapili na katika masomo ya jioni, si kwa sababu mtampa mshahara mkubwa, bali asije akasahau ya kuwa Mungu alimpa kipawa. Na ninyi vijana wenyewe, msihesabu ya kuwa maisha yenu yatakuwa maisha siku ile barua ya ajira ikija. Siku za bodaboda nazo ni siku za Mungu.

Na wewe uliye katika taabu, ambaye neno hili ni lako hasa: usione haya kuomboleza. Kitabu cha Maombolezo kimo katika Biblia, na katikati yake kabisa, sura ya 3, mwombolezaji akumbuka ya kuwa rehema za Mungu ni mpya kila asubuhi. Alisema hivyo mji ukiwa bado magofu. Nawe mwambie Mungu yote, kisha mwambie na mtu mmoja wa kanisa. Taabu iliyofichwa ni kama nyufa ndani ya ukuta; fundi hawezi kuziba asichoonyeshwa.

Mwisho, tumaini letu halisimami juu ya wema wetu, maana sisi twachoka, nasi twasahau. Lasimama juu ya Bwana wetu Yesu Kristo, aliyesulibiwa nje ya mji, pembeni, mahali pa watu waliotupwa, na siku ya tatu Mungu akamfufua. Siku ya katikati, Jumamosi ile, hakuna aliyeona kitu chochote kikitendeka. Jiwe lilikuwa mlangoni, na muhuri juu ya jiwe. Hata hivyo Mungu alikuwa mwema Jumamosi kama alivyokuwa Jumapili. Wengi wetu leo tunakaa katika Jumamosi hiyo. Tuikae pamoja, tukishikana, mpaka asubuhi yake ipambazuke.

Bwana, aliyewatunza baba zetu baharini na bara, awatunze na ninyi katika nyumba zenu. Awape chakula cha leo, na saburi ya leo, na jirani mwema wa leo. Kwake uwe utukufu katika Kanisa, vizazi vyote, hata milele. Amina.