Mji wa Nicodemus na Mkutano Wetu



Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya asili yetu. Naomba radhi, kwani nitaanza na asili ya watu wengine.

Mwaka jana, mwishoni mwa Julai, niliendesha gari kwa muda wa karibu saa tano kutoka Kansas City kuelekea magharibi, nikafika katika mji mdogo wa wakulima wa ngano uitwao Nicodemus. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa. Yalibaki mabua makavu mpaka mwisho wa upeo wa macho. Kupaita pale mji ni heshima tu, maana nyumba zake ni za kuhesabika.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1877 na kampuni ya watu saba, sita kati yao Weusi na mmoja Mzungu, mfanyabiashara wa ardhi aliyeitwa W. R. Hill. Matangazo yalisambazwa huko Kentucky, kwa watu waliokuwa watumwa miaka michache tu iliyotangulia: mtu alipe dola 5, aende Kansas. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mkuu wa familia kujipatia ekari 160 za ardhi ya serikali, mradi akae hapo na kuilima kwa miaka mitano. Hebu fikirini uzito wa ahadi hiyo kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mali ya mwingine.

Mwezi Septemba mwaka huo watu wapatao 300 waliteremka kwenye treni mahali paitwapo Ellis, wakasafiri zaidi ya kilometa 50 kukatiza mbuga tupu. Hawakukuta mji. Waliotangulia walikuwa wakiishi katika mahandaki waliyoyachimba ardhini, kwa kuwa nchi ile haikuwa na miti ya kujengea. Mama mmoja aliyefika majira ya kuchipua ya mwaka 1878, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini, naye akaanza kulia. Familia kadhaa ziligeuza safari. Waliobaki walipitisha baridi ile ya kwanza kwa shida kubwa, na wazee wa huko husimulia mpaka leo kwamba Waosage, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, waliwagawia nyama walipokuwa wakirejea kutoka mawindoni.

Kisha wakalima. Farasi walikuwa wachache mno, hivyo wengi walivunja ardhi kwa jembe la mkono na sepetu. Wazee wangu, ninyi mnalijua jembe. Lakini udongo ule ulikuwa umeshikwa na mizizi ya majani ya karne nyingi. Walipanda mahindi, wakapanda ngano, na baada ya miaka kumi palikuwa na maduka, hoteli, makanisa, shule na magazeti mawili.

Kilichouangusha mji ule ni reli. Ngano ni mzigo mzito wenye bei ndogo, na mkulima aliye mbali na stesheni huila faida yake njiani. Mwaka 1887 wananchi walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta reli, lakini mwaka uliofuata ilipita ng'ambo ya mto, kilometa chache tu kutoka kwao. Wenye maduka wakahamia huko, na mji mpya wa Bogue ukazaliwa. Baadaye ukaja ukame na vumbi vya miaka ya 1930. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule mwaka 1960.

Pamoja na hayo, siku niliyofika mimi magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili za barabara, yenye namba za majimbo ya mbali. Tangu miaka ya mwanzo watu wa Nicodemus waliadhimisha tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 utumwa ulifutwa katika visiwa vya Waingereza vya Karibiani. Sikukuu hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa siku za kurudi nyumbani, na wajukuu wa wale wa mahandaki hukusanyika kila mwaka katika jumba lililojengwa mwaka 1939. Serikali ya Marekani iliufanya mji huo kuwa mahali pa historia ya taifa mwaka 1996.

Sisi wa Sanya Juu tulikua tukiyatazama mashamba ya ngano ya Kilimanjaro Magharibi. Babu yetu aliivuna ngano ile kwa mshahara, wala haikuwa yake hata punje. Pengine ndiyo sababu nilisimama muda mrefu kando ya mabua yale.

Mzee mmoja alinikaribisha chakula, akaniuliza: "Na ninyi, hurudi wapi?" Nilimjibu kwamba bibi yetu amefariki na nyumba imeuzwa, kwa hiyo hatuna pa kurudi. Akaniambia kwamba nyumba waliyozaliwa wao ilikwisha anguka zamani, akanisogezea sahani ya pili.

Bwana Mwenyekiti, mezani kwako ipo barua yenye sahihi za watu watano, ikiomba mkutano huu ufanyike mara moja tu katika kila miaka mitano, kwa sababu ya gharama na umbali. Sahihi ya tatu ni yangu. Gharama ni kweli, na sitawalaumu wale wanne. Namwomba Katibu aifute sahihi yangu. Na kwa kuwa mwakani bado hamjapata mahali, nyumba yangu iko tayari. Vijana watalala sebuleni.