DARAJA LA WAENDAO KWA MIGUU

(Maneno yaliyosemwa Rugera na mwenye duka mmoja, mbele ya wazee na vijana)



Mimi si mhandisi, ni mwenye duka. Lakini waendao kwa miguu ndio wanunuzi wangu, nami nitasema kwa niaba yao.

Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tumepakana na mto Kagera, na thamani ya daraja twaijua. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka, nchi ikakatika vipande viwili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, aghalabu kwa miguu, mizigo vichwani na watoto migongoni. Wakati ule nalikuwa mwanafunzi wa chuo cha Kurani, nikawaona wakimbizi walipofika huku kwetu.

Basi msidhani uzito wa mtu ni jambo jepesi. Gari huacha nafasi mbele na nyuma yake, umati hauachi. Ndiyo maana wahandisi hukadiria hata kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Tena mtu hatulii: kila hatua yake husukuma chini, na kidogo husukuma kando.

Huko London, tarehe 10 Juni 2000, lilifunguliwa daraja la miguu juu ya mto Thames. Umati ulipopita likaanza kuyumba. Watu, kwa kutafuta kutoanguka, wakafuata mwendo wake bila ya kukusudia, nalo likazidi. Likafungwa siku ya tatu, likatiwa vyombo vya kuzuia mtikisiko, mfano wa shokomzoba za gari, na halikufunguliwa tena mpaka 2002. Ikiwa mabingwa wale walisahau mwendo wa mguu, sembuse sisi?

Kuna daraja dogo nilipitalo ambalo njia ya miguu haikutengwa. Mama mmoja, mteja wangu, alikwepa gari akatumbukia. Alipona, alhamdulillahi, illa mkono wake hata leo haunyanyui ndoo. Tulipolalamika tuliambiwa ramani imekwisha kupigwa muhuri.

Kwa hiyo, daraja lolote litakalojengwa kwetu, natuombe mambo matatu kabla ya muhuri huo. Kwanza, wazee waulizwe maji yalifika wapi katika mvua za 1997 na 1998, ili nguzo zipandishwe juu ya alama hiyo na misingi ishuke mpaka kwenye mwamba. Pili, njia ya miguu itengwe na magari, iwe na upana wa wawili wenye mizigo kupishana, na kingo asizoweza kupenya mtoto. Tatu, ramani isomwe hadharani, kwa lugha tuielewayo.

Hayo si maombi ya anasa. Atakayepita juu yake ndiye astahiliye kuulizwa kwanza.