Kwaya Inayojua Kungoja
Mada iliyotolewa katika Jubilei ya Fedha ya kwaya yetu, Sherehe ya Kristo Mfalme



Nilipoombwa kuzungumza katika jubilei hii nilidhani mngetaka historia: sare ya kwanza, kinanda cha kwanza, safari za mashindano. Hayo wenzangu wameyaeleza vizuri. Mimi naomba tuzungumze kuhusu Jumapili ijayo. Leo ni Kristo Mfalme, na mwaka wa Kanisa unafika mwisho. Jumapili ijayo tunaanza Majilio, na ningependa kwaya iliyotimiza miaka 25 iingie humo ikijua inafanya nini.

Neno Majilio linatokana na kuja, kama lilivyo neno la Kilatini, adventus. Kipindi hiki huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kina Jumapili nne. Hadi tarehe 16 Desemba, liturujia hutukumbusha zaidi kwamba Kristo atarudi. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 hutuelekeza Bethlehemu. Kwa hiyo Majilio si mwezi wa kufanyia mazoezi ya Krismasi mbele ya waumini. Ni kipindi chenye kazi yake, na kazi hiyo ni kungoja.

Mji wetu haupendi kungoja. Novemba haijaisha, maduka ya Westlands na ya katikati ya jiji yameshawasha taa na kupiga nyimbo za Noeli. Desemba ikifika, Country Bus inafurika mizigo, nauli inapanda, na hapa kwetu Waiyaki Way inajaa mabasi ya kwenda Nakuru na Magharibi. Kila mtu yuko mbioni. Nasi wanakwaya tumo.

Naomba niungame. Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu wa kwaya hii, tulikuwa tumejifunza wimbo mpya wa Noeli, na sauti zote nne zilikuwa zimeshika barabara. Wanakwaya wengi walikuwa wanakwenda ushago mapema. Nikajiambia: tukingoja mkesha, nani atauimba? Tukauimba Jumapili ya pili ya Majilio wakati wa matoleo, kwa ngoma, kayamba na vigelegele. Waumini walisimama wakacheza. Nilijiona nimeshinda.

Baada ya Misa mama mmoja mzee alinisubiri mlangoni. Mwanawe alikuwa ameenda kufanya kazi ng'ambo, na kwa miezi mingi mama hakuwa amepata habari zake. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, mmeimba vizuri. Lakini Majilio ndicho kipindi ninachokaa kanisani bila kuona haya, kwa sababu kila mtu anangoja kama mimi. Leo ninyi mmefika, mkaniacha njiani."

Sikuwa na jibu. Habari za mwanawe zilifika mwaka uliofuata, mwezi wa tatu. Lakini neno lake limekaa nami tangu siku ile, nalo lilinirudisha kusoma upya taratibu ambazo nilikuwa nikiziona kama vikwazo tu.

Tunajua kwamba Jumapili za Majilio hatuimbi Utukufu. Wengine hudhani ni kwa sababu ya huzuni, kama Kwaresima. Sivyo. Kwaresima tunaacha hata Aleluya, lakini Majilio Aleluya inabaki. Utukufu ni wimbo wa malaika usiku wa Noeli, basi tunauweka kando ili usiku ule usikike kama mpya. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kiroma, kifungu cha 313, unaruhusu kinanda na ala nyingine wakati wa Majilio, ila kwa kiasi, ili furaha kamili ya kuzaliwa kwa Bwana isitangulizwe. Hakuna aliyetunyang'anya ngoma. Tumeambiwa tuipige kama mtu anayejua kwamba mgeni bado yuko njiani.

Hata shada la mishumaa minne tunaloweka karibu na altare lilianza kwa watu wanaongoja. Mwaka 1839, mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za juma na mikubwa ya Jumapili, ili watoto wahesabu siku zilizobaki kabla ya Krismasi. Sisi Wakatoliki tuliipokea desturi hiyo baadaye. Siku hizi mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Angalieni: hatuwashi yote minne siku ya kwanza.

Wala hatungoji peke yetu. Waanglikana wa Kanisa Kuu la All Saints huhesabu Jumapili nne kama sisi. Majirani zetu Waorthodoksi, wenye seminari yao pale Riruta, hufunga siku 40 kuanzia tarehe 15 Novemba.

Na wengi wetu tunakumbuka mwaka 2015. Ijumaa tarehe 27 Novemba, siku mbili kabla ya Majilio kuanza, Papa Fransisko alikuja Kangemi, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Hakuzungumza habari za mbinguni tu. Alizungumza kuhusu maji safi, makazi na ardhi, yaani vitu ambavyo wakazi wa mitaa kama ile wamevingoja miaka mingi. Jumapili iliyofuata, ya kwanza ya Majilio, alifungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ya Huruma kule Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa ikingoja amani. Tangu hapo, nikiimba wimbo wa Majilio, najiuliza jirani yangu kwenye benchi anangoja nini: matokeo ya hospitali, kazi, karo, mtoto, au simu ambayo hailii.

Kwa hiyo, wapendwa wanakwaya, zawadi yangu ya jubilei ni maombi matatu. Kwanza, nyimbo za Noeli tuziweke hadi Misa ya mkesha, tarehe 24 usiku. Kisha tuziimbe kwa nguvu zote hadi Ubatizo wa Bwana, maana Noeli haiishi tarehe 26 kwa sababu tu wenzetu wamesafiri. Wanaobaki, hata wakiwa kumi, ni kwaya. Pili, tujifunze nyimbo za Majilio zenyewe kwa bidii ileile, tusizitumie kama za kujazia nafasi. Tatu, kila juma la Majilio, wachache wetu waende na jumuiya kumtembelea mtu mmoja anayengoja, wamwimbie wimbo mmoja, wakae naye.

Kwa miaka 25 tumewafundisha waumini kushangilia, na tumefanya vizuri. Sasa tuwafundishe pia kungoja, tukiwa nao palepale wanapongojea, hadi tufike pamoja.

Hongereni kwa jubilei. Mungu awabariki.